Mwanahamisi Sadique, Mama Aliyelikalisha Baraza Majini

Ifikapo tarehe 31 Oktoba 2014, Mama Mwanahamisi Sadique, Mkuu wa Sehemu ya Mitaro na Mikoko katika Manispaa ya Mkunguni, atakuwa ameutumikia mji huu miaka thelathini na mitano kamili. Siku hiyo anastaafu. Sisi tuliofanya kazi naye tumeombwa tumwandikie ukurasa mmoja, na tunakiri mapema kwamba ukurasa mmoja haumtoshi.

Aliajiriwa mwaka 1979 kuwa mfagiaji wa soko. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano na hakujua kusoma wala kuandika. Aliposikia kuna darasa la watu wazima alijiandikisha, akawa anatoka kazini na ufagio wake moja kwa moja hadi darasani, kwa sababu ufagio ukiachwa sokoni ulikuwa unaibwa. Baada ya miaka miwili alikuwa anaandika jina lake, tarehe, na namba. Kwa kazi aliyokuja kuifanya, hayo yalimtosha kuanzia.

Maana wafagiaji ndio waliokuwa wakizibua mitaro, na Mwanahamisi hakuridhika kuizibua tu. Alitaka kujua maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Kila mvua kubwa ilipopita, au bahari ilipopanda kupita kiasi, alizunguka mitaani akachora mstari kwenye ukuta mahali maji yalipofika, akaandika mwaka kando yake. Alianza na mkaa. Baadaye akapata rangi ya buluu iliyobaki kwa mafundi wa mashua. Mwaka mmoja Mzee Momade, mwenye duka la vitambaa, alikuwa amepaka chokaa ukuta wake wiki ile ile mstari ulipochorwa, akatoka akifoka.

"Wewe binti, nani kakutuma kuniandikia ukuta?"

"Si mimi niliyeandika, mzee wangu," alimjibu. "Maji ndiyo yameandika. Mimi nimekoleza wino tu."

Vipimo vyote hivyo alivinakili kwenye madaftari ya shule, kimoja kimoja, kwa Kiswahili chake cha Rongui kisiwani alikozaliwa. Hakuna aliyemwagiza, na kwa miaka ishirini na zaidi hakuna aliyeyaulizia. Alipandishwa kuwa msimamizi wa mitaro, kisha mkuu wa sehemu, akiwa na vibarua sita na toroli mbili, moja ikiwa haina gurudumu.

Halafu ikapatikana gesi baharini. Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kusimuliwa yaliyofuata. Ndani ya miaka miwili nyumba za wageni zilijaa, watu walihamia kutoka Nampula, Pemba na ng'ambo ya Rovuma, na kila kiwanja kilichokuwa na nyasi asubuhi kilikuwa na msingi jioni. Mwaka 2012 kampuni moja ya ujenzi iliomba Bonde la Chumvini, lile bonde la mikoko na mashimo ya chumvi ya zamani lililo kati ya bahari na mtaa wa Mtakuja, bairro la watu elfu sita. Walitaka kulifukia kwa kifusi, wajenge maghala na mabweni ya wafanyakazi. Waliahidi ajira mia mbili. Vijana wa mji walishangilia, na tusijifanye wema leo: hata ofisini kwetu tulishangilia.

Engenheiro Gregório Lázaro, mhandisi aliyekuwa ameletwa kutoka Maputo mwaka huo kuongoza idara yetu, alileta ramani iliyochorwa kwa picha za angani. Kwenye ramani ile Chumvini ilionekana kavu kama kiganja. Mama Mwanahamisi aliitazama sana, kisha akaomba jambo moja tu: kabla ya kutia saini, baraza likae kikao bondeni kwenyewe, na siku ya kikao aipange yeye. Presidente wa manispaa, meya wetu, akakubali. Hakuna aliyejiuliza kwa nini alichagua Jumanne tarehe 18 Septemba, saa tisa na nusu alasiri.

Meza ilipangwa katikati ya bonde, ikatandikwa kitambaa, viti vya plastiki vikawekwa, na kila mjumbe akapewa chupa yake ya maji. Jua lilikuwa linawaka, mbingu nyeupe. Mwakilishi wa kampuni alianza kueleza mpango wake. Alikuwa hajafika nusu ukurasa, mkondo nyuma ya mikoko ukaanza kung'aa. Baada ya robo saa maji yalikuwa chini ya viti. Mwakilishi aliinua miguu, viatu vyake vikiwa vimeshalowa.

"Dona Mwanahamisi," Engenheiro Gregório alisema kwa sauti ya chini, "maji yanakuja."

"Yanakuja, Engenheiro. Nayo hayana habari kwamba tuna kikao. Endeleeni."

Saa kumi na nusu maji yalikuwa magotini, na pindo la kitambaa cha meza linaelea. Presidente alikuwa amesimama, karatasi zake kifuani. Hapo ndipo Mama Mwanahamisi naye aliposimama, akasema maneno ambayo kila aliyekuwepo anayakumbuka.

"Waheshimiwa, leo hakuna mvua. Hakuna upepo. Hili ni bamvua la kawaida, maji makuu ya mwezi mwandamo, na leo bahari ina furaha. Siku ikija na mvua ya siku tatu juu yake, maji ya mlimani yatashuka hapa, na ya bahari yatapanda hapa, yakutane. Mkishapaziba kwa kifusi, niambieni yatalala wapi. Mimi najua. Yatalala Mtakuja, kwenye vitanda vya watu elfu sita."

 Tulitembea kurudi barabarani tukiwa tumevua viatu, wakubwa kwa wadogo. Engenheiro Gregório alibaki nyuma akamwuliza mama kama ana vipimo. Mama akampeleka nyumbani kwake, akamfungulia sanduku. Ndani mlikuwa na madaftari kumi na tisa.

Engenheiro aliyasoma siku kumi na moja, dada Cadija wa masjala akimfasiria Kiswahili. Alipomaliza alisimama mbele ya baraza akaiweka ramani yake chini ya meza. "Nimesoma chuo kikuu miaka sita," alisema. "Sijawahi kuona kazi kama hii. Mama huyu ameupima mji mzima kwa miguu yake." Kutokana na madaftari yale ikachorwa ramani mpya, na baraza likapitisha sheria: chini ya mstari wa mafuriko ya mwaka 1988, makubwa kuliko yote aliyoyapima, pasijengwe. Kampuni ilipewa eneo lingine, juu, kando ya barabara ya Olumbi, na ajira zilikuja vilevile.

Lakini mstari ule wa 1988 ulizipitia nyumba ishirini na tatu zilizokwisha kujengwa ukingoni mwa bonde. Wenyewe walipewa viwanja mlimani, ila nani anapenda kuvunja nyumba yake? Kwenye mkutano wa bairro, seremala Abibo Muhamudo alisimama akiwa amekasirika.

"Tunavunjiwa sisi. Na nyumba yako je, mama? Si iko pale pale?"

Kweli ilikuwa pale pale. Aliijenga na marehemu mume wake, mzee Anuar, jiwe kwa jiwe, miaka tisa.

"Yangu ndiyo ya kwanza, mwanangu," alijibu. "Jumamosi. Njoo uone."

Jumamosi ile watu walikwenda kuona. Walimkuta Mama Mwanahamisi amepanda ngazi, kanga ameifunga kiunoni, anang'oa misumari ya bati. Abibo alisimama kitambo, kisha akarudi kwake akaleta nyundo. Wakafanya kazi pamoja mpaka adhuhuri. Ukuta wa chumba ulipoanguka, mama aliketi juu ya mawe akalia waziwazi, wala hakutaka kubembelezwa. "Niacheni," alisema. "Nikimaliza tutaendelea." Akamaliza, wakaendelea. Kufikia mwisho wa mwezi nyumba zote ishirini na tatu zilikuwa zimehama, bila askari hata mmoja.

Si kila kitu kilimnyookea. Mikoko ya kwanza aliyoipanda Chumvini mwanzoni mwa 2013, pamoja na kina mama waliotoka Quiterajo kuja kutusaidia, ilikufa karibu yote. Alisimama ofisini akasema, "Kosa ni langu. Nilipanda mahali maji yanapopapenda, si mahali mti unapopapenda." Wakachimbua mikondo ya zamani iliyozibwa na mashimo ya chumvi, wakapanda upya juu kidogo. Hiyo imeshika, na sasa inamfika mtu kiunoni.

Mwisho wa Machi mwaka huu mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na siku ya tatu ikaangukia bamvua. Wafanyakazi wote wa manispaa tulikuwa kwenye daraja la Mtakuja tangu asubuhi. Alasiri maji ya mlimani yaliingia bondeni kwa mngurumo, na bahari ikaingia upande wa pili. Chumvini ikajaa, ikapanda, ikapanda tena, mpaka ikabaki shibiri moja kufika kwenye barabara. Hapo ikatulia. Tuliitazama saa nzima, mvua ikitunyeshea. Kisha bahari ikaanza kurudi, na bonde likayaachia maji yake taratibu, kama mtu anayeshusha pumzi. Mtakuja hakuna kitanda kilicholowa.

Abibo alikuwepo. Aliunyooshea kidole mti uliokuwa kando ya dirisha lake la zamani. Maji yalikuwa yamefika kwenye matawi. "Mama," alisema. "Wanangu walikuwa wanalala pale." Mama Mwanahamisi alimshika mkono tu. Sisi wengine tuligeuza nyuso.

Engenheiro Gregório, ambaye siku hizi anamsalimu "shikamoo" kabla hajamsalimu presidente, ameagiza madaftari yote yanakiliwe na kila mtumishi mpya wa idara ayasome katika mwezi wake wa kwanza. Sisi tulipomwuliza mama atafanya nini baada ya kustaafu, alisema atakwenda Rongui kwa dada yake Rachida, ale samaki na asisikie habari za mtaro. Tunampa wiki mbili.

Mama Mwanahamisi, ahsante kwa miaka yako yote. Katika mji huu wapo watu elfu sita ambao mvua ikinyesha hujifunika shuka wakalala, na wengi wao hawajui wanalala kwa sababu ya nani. Sisi tunajua. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe umri, akupe makazi mema popote utakapokaa. Uishi vyema, mama yetu, nawe ulale.

Zuleica Adamo,
kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Idara ya Mipango Miji na Mazingira