Papa Évariste na Sakafu ya Liège

Mbele ya jeneza hili familia inawaomba muda mfupi, kwa ajili ya maisha ya Papa Évariste Kasongo, ambaye kwa karatasi za Serikali, tangu ilipofuta majina ya Kizungu mwaka 1972, ni Citoyen, yaani Raia, Kasongo Bahati, jina aliloliitikia ofisini kwa utii mkubwa, na nyumbani hakulisikia kabisa.

Papa Évariste alizaliwa Kasha, Bagira, tarehe 12 Machi 1931, akasoma kwa mapadri, akamaliza sekondari mwaka 1951, na tarehe 3 Januari 1952 akaingia kazi katika ofisi moja kule Ibanda, kwenye hifadhi ya dosie, yaani mafaili, ambako alifundishwa kwamba dosie isiyoonekana imehifadhiwa vizuri sana.

Tarehe 4 Agosti 1956 alifunga ndoa na Maman Emérence, binti wa Luvungi, na Mungu akawajalia Gérard, Georgette na Jeanine.

Mwaka 1973 magoti ya Maman Emérence yalivimba, baridi ya sakafu ya saruji, ambayo wote mnaijua kwa nyayo zenu, ikampanda mpaka kiunoni, hata daktari akashauri arudi kwenye joto la Luvungi, akae huko moja kwa moja. Sanduku lake likafungwa. Papa Évariste, ambaye hakuwa mtu wa makelele, alilizunguka siku nyingi akisema tu, “Emérence, ungoje kidogo.”

Alikuwa amesoma kwamba Ulaya watu hutandika sakafu kwa liège, lile gome la mti linalotolewa vizibo vya chupa, kwa kuwa limejaa hewa, linazuia baridi, linabonyea kidogo chini ya mguu na kunyamazisha kelele. Basi Serikali ilipotwaa biashara za wageni na kuwagawia raia, akaikuta katika stoo ya duka moja, makatoni yaliyoachwa na Mreno, na citoyen aliyepewa duka, akidhani ni biskuti zilizoharibika, alimshukuru sana kwa kuyaondoa.

Oktoba 1974 alitandika vyumba viwili kwa mikono yake, na Jumamosi tarehe 12, siku ya salongo, ule usafi wa lazima wa kila mtaa, binti zake wakafanya kama nyumba zote za Bukavu, wakamwaga ndoo za maji, wakayasukuma kwa ufagio mpaka mlangoni, na kufika jioni vibao vya liège vilikuwa vimejikunja kama chapati. Maman Emérence akalitazama sanduku, akakubali kungoja kiangazi kimoja tu. Papa hakumlaumu mtu, aling'oa vyote, akaiacha saruji ikauke mpaka Julai 1975, akatandika makatoni yaliyobaki, akapaka nta, akapiga marufuku ndoo, kwa maana ufagio laini na kitambaa kilichokamuliwa vilitosha.

Ndipo tarehe 2 Agosti mkaguzi wa usafi wa mtaa, mwenye abacost, ile suti ya Serikali isiyo na tai, na kalamu mbili, akasimama mlangoni: “Citoyen, nyumba hii haikusafishwa, maji haikutoka kwa mulango.” Papa akamjibu, “Vua viatu kwanza, chef.” Mkaguzi akavua, akakanyaga, akakataa kiti, akaketi chini, na Jeanine alipoangusha kikombe kisivunjike, akaandika kwamba nyumba iko safi kwa njia isiyojulikana kwa utawala.

Lakini uamuzi haukuwa wa mkaguzi. Mvua za Novemba ziliporudi na baridi yake, Maman Emérence alitoka chumbani bila viatu, akaenda mpaka dirishani, akarudi, akafungua sanduku na kuanza kupanga vitenge kabatini, akisema, “Luvungi iko na joto, lakini weye hauko kule.”

Februari 1987 Papa Évariste alishikwa na ugonjwa wa moyo, akatibiwa kwa uvumilivu, na akafariki hospitalini Ibanda tarehe 19 Novemba 1988, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake waliochangia jeneza, majirani wa Kasha, na akina maman waliokaa matanga sakafuni kwetu wakakataa mikeka. Maman Emérence naye leo amekataa gari, amelifuata jeneza kwa miguu yake mpaka hapa.

Papa Évariste, pumzika sasa katika amani ya Bwana, Maman hatarudi Luvungi.