Jembe la Burma

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nilivua viatu kuingia kwenye maonyesho ya ndege ya vita pale Kitale, kama tunavyofanya kanisani kwetu, nikatoka nikakuta vimetangulia nyumbani. Kwenye basi la Bungoma nilikaa nyuma ya askari mmoja aliyerudi kutoka Burma. Alimwambia mama jirani yake kwamba ameomba jina lake liandikwe kwenye ndege ile, chini ya la rubani.

"Ati wewe uliirusha?" "Hapana, mama." "Basi uliipanda?" "Sijawahi." Basi zima likacheka, mimi nikazidisha, wasije wakatazama miguu yangu mitupu.

Askari akangoja basi lisimame. "Kule Burma kulikuwa na msitu, mama. Kiwanja cha ndege nilikilima mimi kwa jembe. Huyo rubani angetua wapi, juu ya mti kama kunguru?"