Matawi ya Miwati Barabarani

Kamwene, wapendwa. Mchungaji amenipa dakika chache, na wote mnajua nikishika maikrofoni siachii. Leo msiwe na wasiwasi. Leo natamani ningekuwa bubu.

Mnakumbuka ajali yangu ya ule msimu wa baridi, nikitoka Njombe na viazi kwenye Canter, naenda kushusha Makambako. Mnajua lori la jeshi lilinigonga kwa nyuma. Mlikuja nyumbani, mkanipa pole, mkanipikia mpaka sufuria zikaisha. Sasa naomba mnisikilize upya, maana habari mliyonayo niliitengeneza mimi.

Tairi la nyuma lilipasuka kwenye mteremko, pale penye kona na shamba la miti ya miwati. Ukungu ulikuwa ule wa kwetu, huoni hata kofia ya mwenzako. Gari likabaki limekalia nusu ya lami, kwa sababu pembeni kuna mtaro. Ndugu zangu, hata mtoto wa darasa la kwanza hapa anajua la kufanya. Gari likikuharibikia unakata matawi, unayapanga barabarani kuanzia mbali, ili anayekuja ajue mbele kuna shida. Pembetatu ya kung'aa ninayo, ila ilikuwa imelaliwa na magunia. Panga lilikuwa chini ya kiti. Miwati ile pale.

Nikaziangalia nyasi zilivyolowa. Nikaviangalia viatu vyangu. Nikampigia fundi wa Makambako, nikapanda kwenye kabini, nikajifunika blanketi. Nilijiambia nitakata jua likitoka kidogo. Ni uvivu, msinitafutie neno lingine.

Nikasikia honi, nikasikia breki, halafu kishindo kikanitupa kwenye usukani. Niliposhuka, viazi vilikuwa vinabingirika kwenda mtaroni, na pua ya lori la jeshi ilikuwa imeingia kwenye bodi langu. Dereva alikuwa askari kijana. Miguu ilikuwa imebanwa, analia, "Mama! Mama!" Mwenzake, ambaye baadaye alisema kishindo ndicho kilichomwamsha, alikuwa anahangaika na mlango. Akaniona, akaita, "Mama, njoo tusaidiane huku!"

Nikamjibu, "Nakuja."

Sikwenda. Nilichukua panga, nikaruka mtaro, nikakata matawi. Viatu nilivyokuwa navionea huruma vikajaa matope, wala sikuona. Nikakimbia nyuma ya lori lao, nikayapanga yale matawi kupandisha mteremko walikotokea. Muda wote huo namsikia yule mtoto wa mwenzangu analia. Ukungu ulinisitiri. Niliporudi, vijana wa bodaboda walikuwa wameshafika na wamemtoa. Nikapiga magoti karibu yake, nikalia kwa sauti kuliko yeye.

Trafiki wakaja, polisi wa jeshi nao wakaja. Wakapima, wakachora. Trafiki mmoja akanyanyua tawi akasema, "Mama wa watu kafanya la maana. Huyu dereva alikuwa amelala." Watu wakaitikia. Mmoja akasema hawa wa jeshi wanajiona barabara ni yao. Na mimi nikatikisa kichwa, kama mtu mwenye huruma.

Wakala wa bima naye akaja. Alinieleza vizuri kabisa. "Mama, gari la jeshi siyo basi la abiria. Halina bima kama hii yako. Ukitaka kulidai, unaidai serikali, na hapo utasubiri. Lakini wewe una bima kubwa. Kampuni itakutengenezea gari, halafu yenyewe ndiyo itahangaika na serikali. Niambie tu, kabla hujagongwa ulikuwa umeweka alama?"

Nikasema, "Niliweka matawi." Nikasaini. Sikusita hata kidogo, na jambo hilo linanitisha mpaka leo.

Sasa hapa ndipo mnapoingia ninyi. Mama mmoja wa jumuiya yetu, yupo humu na ameshainamisha kichwa, alisema haifai mgonjwa akae hospitali bila kutembelewa na sisi tupo. Tena akasema, tukamwambie kijana kwamba dada yetu amemsamehe. Mkabeba maparachichi, mimi nikabeba chupa ya uji wa ulezi. Njiani mliimba. Pale kitandani mwenyekiti wetu akaomba, "Bwana, msamehe kijana huyu uzembe wake, na umbariki dada yetu kwa moyo wake mwema." Mkasema amina. Na mimi, wapendwa, nikasema amina.

Yule kijana akajiinua kwa kiwiko. Akasema, "Mama, nisamehe. Mimi nakumbuka sikuona tawi hata moja. Lakini kila mtu anasema yalikuwepo. Basi nitakuwa nililala. Najaribu kukumbuka nililala saa ngapi, sikumbuki. Nikipona sishiki tena usukani, mama. Nitaua watu."

Mama yake alikuwa ametoka Matamba, amekaa ukingoni mwa kitanda na kanga yake. Akanishika mikono yote miwili. Akaniambia mwanawe anaweza kufukuzwa jeshini, na ndiye anayewasomesha wadogo zake. Halafu akanishukuru kwa kuja.

Nilifika nyumbani nikashindwa kula. Siyo kwamba nilikuwa sijui kuwa nimedanganya. Ila nilidhani nimeidanganya bima, na trafiki, na jeshi, vitu vikubwa ambavyo haviumwi. Kumbe nilikuwa nimemwingiza mtu uongo kichwani mpaka akaacha kuyaamini macho yake mwenyewe.

Nilikwenda kwa mchungaji. Hakunihubiria. Alisema, "Polisi nitakusindikiza. Kusema, utasema mwenyewe." Nikasema. Yule trafiki alikasirika, na ana haki. "Mama, umenifanya niandike uongo kwa mkono wangu!" Mahakama ya Njombe ikanitia hatiani, nikaadhibiwa. Kampuni ya bima ikakataa kulitengeneza gari langu. Wakala akanitazama kwa masikitiko, akasema, "Mama, ungesema kweli siku ile tungekutengenezea. Hata kama kosa ni lako. Bima kubwa kazi yake ndiyo hiyo." Mnasikia? Nilidanganya bure! Leo kuku wangu wanalala kwenye ile Canter.

Lakini hayo yalikuwa mepesi. Gumu lilikuwa kurudi hospitali peke yangu.

Nikamwambia, "Hukulala, mwanangu. Hapakuwa na tawi. Niliyaweka baadaye."

Akajiinua kwa kiwiko. Kisha akauliza, "Wakati naita mama, ulikuwa wapi?"

Nikamwambia. Akageukia ukutani. Mama yake akaichukua chupa ya uji niliyokuwa nimeileta, akanirudishia mkononi.

Jeshi limemwondolea lawama. Anatembea kwa gongo, na nimesikia amewaambia wenzake akipona vizuri ataomba arudishwe kwenye magari. Nilimpigia simu mara moja tu, kumwomba msamaha. Akasema, "Nimekusikia, mama." Hajasema zaidi ya hapo, na sitamsumbua.

Namshukuru mchungaji. Namshukuru mume wangu, aliyenuna wiki nzima halafu akanisindikiza mahakamani. Nawashukuru mnaonibebea magunia yangu kwenye magari yenu mpaka Makambako. Na nawaambia ndugu zangu, hasa ninyi madereva: gari likikwama, shuka ukate matawi, hata kama mvua inanyesha, hata kama umevaa viatu vya harusi. Na ukigonga au ukigongwa, nenda kwanza kwa anayelia. Mengine yasemwe kama yalivyokuwa.

Ninalo ombi moja, halafu nikae. Ile sala mliyoiomba pale hospitali ilifika mbinguni ikiwa na majina yaliyokaa mahali pasipo pake. Mwenyekiti, nakuomba usimame uiombe tena. Uzembe useme ni wangu. Mwenye moyo mwema utakayemwombea baraka awe yule kijana, aliyeniomba msamaha kwa kosa nililomfanyia.

Safari hii amina nitaisema nikiwa nimepiga magoti.