Nilipanda Bila Mbegu

Hamjambo wapendwa. Naomba nisimame hapa karibu na mlango, maana miguu yangu bado iko na tabia ya kutoroka. Mchungaji ameniambia nitoe ushuhuda wa ushindi. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, hilo neno ushindi likitajwa mimi nasikia baridi. Nimechoka tu. Lakini niko hapa.

Nilikuwa fundi wa mjengo kule Syokimau. Vijana wa saiti wakanifundisha kubeti kwa simu. Mkeka wangu wa kwanza, yaani ile orodha ya mechi unazotabiri, ulikubali, nikamletea mama blanketi na taa ya sola. Akanibariki! Afadhali ningepoteza siku hiyo. Baada ya hapo nilikuwa najenga ukuta macho yakiwa kwa simu, mpaka msimamizi akanifukuza. Mke wangu alivumilia, akachoka, akarudi kwao Tala na watoto. Mimi nikarudi hapa Mitaboni kwa mama, mtu mzima na ndevu zangu, kupakuliwa chakula.

Sasa, mama yangu ni mtu wa mbegu. Kina mama mnajua. Kila mavuno anachagua mahindi, kunde na mbaazi kwa mkono wake, anachanganya na majivu, anatundika juu ya moto jikoni. Aliyekosa mbegu huja kwake.

Mawingu yalipoanza kukusanyika, mguu wa mama ulikuwa umevimba. Akaniambia, "Mwana wakwa, mwanangu, msimu huu panda wewe." Akanipa mifuko yote. Nikaibeba mpaka sokoni, nikauza. Nilijiambia nikishinda nitanunua mbegu za duka na kitu kibaki. Hata jioni haikufika, mkeka ukachanika.

Mvua ikanyesha. Nikafunga ng'ombe plau, nikalima shamba lote, huku nikiinama na kurusha mkono ili jirani akiangalia aone napanda. Nilipanda hewa, jamani! Nikarudi nyumbani, mama akanichemshia maji ya kuoga, akasema pole kwa kazi.

Mashamba ya watu yakawa kijani. Letu, kimya. Mama akajikokota na fimbo mpaka huko, akachuchumaa, akafukua kwa kidole akitafuta hata moja iliyooza. Nilisimama nyuma yake nikasema labda ni kindi wamezila. Haki, nilisema hivyo.

Siku ya kikundi chao, wamama wakaja kwetu. Mimi nilikuwa nyuma ya jikoni napasua kuni. Nikamsikia mama akiwaambia, "Msije tena kwangu kutafuta mbegu. Mkono wangu umeharibika. Nimezeeka." Halafu akawaomba msamaha. Mama yangu, akiomba msamaha kwa ajili yangu bila kujua!

Shoka likanitoka mkononi. Nikaingia. Nikasema, "Mama, hazikuoza. Niliziuza nikabeti."

Mama akauliza, "Zote?"

"Zote."

"Hata mbaazi?"

"Hata mbaazi."

Akaangalia viganja vyake, hivi, muda mrefu. Akasema, "Kumbe mkono wangu ni mzima." Ndipo akalia. Mimi nililia kuliko yeye.

Wale wamama hawakunitukana, na ningestahili. Kila mmoja alienda kwake akaleta kidogo, mbegu zilizotokana na zile mama aliwagawia zamani. Tulipanda tumechelewa, tukavuna kidogo, tukala. Asanteni, kina mama. Asante pia kwa mzee mmoja hapa, aliyewahi kuwa mlevi, anayekuja kunitoa nyumbani kila Jumamosi, siku ya mechi, tukachimbe mitaro ya shamba lake. Hanihubirii. Tunachimba tu. Simu yangu sasa ni kabambe, ile ndogo ya vitufe isiyo na intaneti. Mke wangu bado yuko kwao, na simlaumu.

Kama kuna mtu hapa anabeti kwa siri, nakuomba usingoje kushinda ndio useme. Mimi nilingoja. Sema ukiwa umepoteza hivyo hivyo.

Msimu huu mama alinifuata shambani. Akakaa na mfuko mapajani, akawa ananipimia kiganja kimoja. Nikimaliza mstari narudi kuchukua kingine. Watu walicheka, mtu mzima kupimiwa mbegu. Mimi niliona ni haki yangu. Tulipobakisha kipande cha chini, alinyanyuka, akaniachia mfuko wote, akaenda zake nyumbani bila kugeuka nyuma.

Zimeota. Mkitoka hapa, piteni mkaone kile kipande cha chini.