Kirusi Chetu Kiendelee Kuchechemea

Mgeni rasmi, Ntate Ramakatsa, Mkurugenzi wa Dawa wa wilaya yetu, Chifu wetu, nesi wetu 'Mè Libuseng, majirani wote:

Karibu

Sisi wa kikundi cha Thusanang, tunaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, tumefurahi umefika, ingawa uji wa motoho umeshapoa. Tunajua kilichokuchelewesha ni farasi. Yule mzee anachechemea, na ni sisi wenyewe tuliokuchagulia. Utuwie radhi, sababu inakuja.

Tulikotoka

Kliniki iko ng'ambo ya mlima, kwa hiyo tunapokezana: kila mwezi mmoja wetu anapanda farasi kuwachukulia wenzake dawa. Hata theluji ikianguka, hakuna aliyewahi kurudi mikono mitupu.

Lililotupata

Mwaka jana ulisimama hapa hapa, ukasikia kwamba kirusi cha Ntate Sekhonyana kimeizoea dawa moja, lamivudini. Ukacheka: "Kidonge kilichoshindwa unakimeza cha nini, Ntate? Tumbo lako ghala?" Nasi tukapiga makofi, wajinga wakubwa. Mwenzetu alikuamini. Vidonge vingine akaendelea navyo, kile akakiacha.

Nesi alipogundua alishika kichwa. "Jamani! Kirusi kilichoikwepa dawa hiyo kimelipia kwa nguvu zake. Kinachechemea, hata kuzaana kwake ni kwa shida. Mkiitoa dawa, kile chenye miguu mizima, ambacho dawa ilikuwa inakizuia, kinarudi!"

Kikarudi kweli. Ntate Sekhonyana alilala tangu mavuno hadi theluji, mkewe akimlisha kwa kijiko. Tuliogopa sana, mgeni rasmi. Tulishaanza kuulizana nani atachimba kaburi. Ndipo daktari akampangia dawa upya, na kile kidonge kikarudishwa.

Ombi letu

Sasa tunasikia unakusudia kuwaondolea kidonge hicho wote ambao kirusi chao kimekizoea. Hapa tuko wengi. Tunakusihi, Ntate, tuachie. Hatusemi kinakiua kirusi. Tunaomba kirusi kiendelee kuchechemea. Asubuhi nzima umepanda farasi kilema, umeona mwenyewe mwendo wake.

Ukikubali, farasi mzima ameshatandikwa. Ukikataa, utashuka na yule yule.

Na yule mtu mwembamba aliyekushikia hatamu pale nje, ukamwambia asante bila kumtambua, ndiye Ntate Sekhonyana.

Mungu akupe amani, mvua na neema, na masikio ya kutusikia.

Ni sisi,
Kikundi cha Thusanang, Ha Ramoreki