Sauti ya Mwalimu Jadallah Ng'ambo ya Bonde

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Mji, masheikh wetu mlioketi mbele, wazazi, walimu wenzangu, wanafunzi mliolazimishwa kuvaa mashati safi, na wewe mwenyewe, Mwalimu Jadallah Abu Kanj, uliyesema kwamba hutaki hotuba: nawasalimu nyote.

Mimi ni Muntaha, mwalimu wa hesabu. Nimekaa dawati moja na mstaafu wetu miaka ishirini na sita, nikinywa mate, ile chai yetu ya majani machungu, kutoka kibuyu chake, nikimsikia akifundisha michezo uwanjani huku madirisha yangu yamefungwa. Leo, kiangazi hiki cha mwaka 2009, anaondoka. Nimeombwa nimsifu. Nitamsifu kwa kueleza yaliyotokea, basi.

Vita vya mwaka 1967 vilichukua siku sita. Siku ya mwisho, Jumamosi, majeshi ya Israeli yakiwa yamekwisha kupanda huku Golani, Mizyad, kaka yake Jadallah, alimpakia mkewe mjamzito kwenye trekta.

"Wiki moja tu," alisema. "Mambo yakipoa tunarudi."

"Na mama?" Jadallah aliuliza. Alikuwa na miaka ishirini.

"Mama hataki kuondoka. Nimfunge kamba?"

"Basi nenda. Kimbia. Mimi na wewe hatuna la kuongea tena."

Trekta likaelekea Dameski. Wiki ile, ndugu wageni, bado haijaisha. Huku tukabaki mikononi mwa Israeli, kule wakabaki Syria; ukawekwa uzio, yakategwa mabomu ardhini bondeni, na katika hati zetu za kusafiria, pale pa uraia, pakaandikwa kwamba haujulikani. Je, kuna nyumba hapa isiyo na mtu ng'ambo ile?

Mnajua tulivyoanza kuitana. Ijumaa watu wa huku walisimama mlimani, wa kule wakasimama mteremko wa pili, na katikati bonde. Wengi tuliishia kukohoa. Jadallah alikuwa na koo ambalo Mungu hakumpa mwingine, basi akawa msemaji wa wote. Unamnong'oneza, yeye anavusha. Amevusha posa, matokeo ya mitihani, bei za tufaha na matusi.

Matusi aliyapunguza. Namkumbuka marehemu Umm Shahin, aliyemwambia, "Mwambie yule punda mwanangu, akimwoa yule msichana asinijue!"

Jadallah akavuta pumzi. "Shahiiin! Mama yako anasema fikiri kidogo!"

"Wewe! Mimi nimesema hivyo?"

"Upepo mkali, mama. Maneno marefu hayafiki."

Shahin alioa. Wana watoto watano.

Lakini huyu aliyesemea mji mzima hakumsemesha kaka yake. Mizyad alikuja mteremkoni mara nyingi, na kila alipoita, Jadallah alimkabidhi mama yao kipaza sauti cha kuazima, akaenda kusimama nyuma ya magari. Tulimwona. Hakuna aliyethubutu kumgusia, mimi nikiwemo. Tuliona ni ukaidi. Baadaye nikafikiri huenda alikuwa anaogopa, kwa sababu mtu akikaa kimya miaka kumi, neno la kwanza linakuwa zito kulitoa.

Mwaka wa themanini na sita, mwezi wa pili, mama yao alifariki. Theluji ilikuwa chini, watu wachache. Sheikh mmoja alijitolea kupeleka habari. Jadallah akamwambia, "Hapana, ami. Kaka ni wangu, nitamwambia mimi."

Akasimama ukingoni. Kule, Mizyad alikuwa amekwisha kuitwa na majirani waliotuona tumekusanyika.

"Mizyad! Ndugu yangu! Mama ametutoka!"

Kisha ikaja sauti nyembamba: "Sijasikia! Rudia!"

Akarudia.

"Upepo! Rudia tena!"

Akarudia mara ya tatu, na safari hii sauti ilimkatika katikati. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilikasirika, niseme kweli. Nilijiuliza huyu mtu kule ni kiziwi au ni mkatili, anamlazimisha mwenzake kumzika mama mara tatu?

Tangu siku ile waliongea kila Ijumaa, na simu zilipokuja, kila jioni, mpaka Mizyad alipofariki mwaka 2001. Hawakuonana. Ibtihal, binti yake Jadallah, ndiye aliyepata kibali cha kwenda kusoma udaktari Dameski, akaishi miaka sita nyumbani kwa baba yake mkubwa. Yupo pale, safu ya pili. Wiki iliyopita alinieleza jambo, nikamwomba ruhusa ya kulisema hapa, akalia kidogo, akakubali. Mwalimu Jadallah, jambo hili wewe hulijui.

Siku ile hapakuwa na upepo. Kaka yako alikusikia mara ya kwanza, neno kwa neno. Alimwambia Ibtihal hivi: "Nilisikia. Nikakaa kwenye theluji. Lakini alikuwa hajanisemesha miaka kumi na tisa, binti yangu, nikaogopa kwamba nikisema nimesikia, atanyamaza tena." Akamkataza asikuambie, kwa aibu ya kukuumiza.

Wanafunzi, mmezoea kumwogopa mtu huyu kwa sauti yake. Mtazameni sasa. Msimcheke, na msimpigie makofi mpaka atakapofuta uso.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimezidisha dakika zangu. Mwalimu, kwa niaba ya shule na kwa niaba ya mteremko ule wa pili, tunakushukuru. Nanyi nyote, ahsanteni kwa kunitegea masikio.