Mtu wa Chuma wa Pili

Ndani ya basi la Lumakanda, Barnaba aliwasikia wakulima wawili nyuma yake wakibishana kuhusu sinema ya jana uwanjani.

"Ile ya kwanza ilikuwa tamu," alisema mmoja. "Mtu wa chuma alitoka mwezini kuomba shamba Lugari, akanyimwa, ndiyo akakasirika. Huyu wa jana anapigananga tu bila sababu."

"Shida si sababu," mwenzake akakataa. "Chuma yake ndiyo hafifu."

Barnaba alitazama mahindi dirishani. Sinema ya kwanza aliifasiri yeye, kwa kipaza sauti na Kiingereza cha salamu tu. Hii ya pili walimpa mwalimu anayekijua Kiingereza barabara.

Basi liliposimama, ubishi haukuwa umeisha, na Barnaba, kichwani mwake, alikuwa amekwisha kumwozesha yule mtu wa chuma wa pili binti kutoka Mautuma.